Kikokotoo cha Tarehe na Watu wa Mosi Januari

Kwa mpwa wangu, Garissa.



Mama yako hachoki kumpigia mjomba wako simu. Kila akipiga habari ni ile ile: kijana amejifungia chumbani na kompyuta, anaandika programu yake ya kwanza, ukurasa wa intaneti ambao mtu ataingiza tarehe na kupata jibu papo hapo. Umri wake leo. Siku ya kujifungua. Mwisho wa eda. Wiki ambayo mbuzi wake atazaa. Mama hakuuliza kama kazi hiyo itawafaa watu. Aliuliza kama ina mshahara. Swali hilo mjomba ameliweka kando, maana kuna lingine linalolitangulia: hiyo tarehe ambayo mtu wa Garissa ataiingiza, ameitoa wapi?

Mjomba wako, kama walimu wengi wa rika lake, alipewa fomu na penseli wakati wa sensa ya Agosti 1999, akatumwa boma kwa boma. Fomu ilidai umri wa kila mtu. Wazee wengi hawakuwa nao, na serikali ilikuwa inalijua hilo. Ndiyo maana makarani walipewa orodha ya matukio ya kukadiria umri wa asiyejua alizaliwa lini. Mafuriko makubwa ya 1961 yalikukuta una miaka mingapi? Vita vya shifta vilipoanza 1963, ulikuwa umeolewa? Mtaa wa Bulla Karatasi ulipoteketezwa Novemba 1980, mtoto wako wa kwanza alikuwa ameanza kutembea? Mama mmoja alijibu kwamba mafuriko yalimkuta akichunga wana wa mbuzi, hajaaminiwa bado kutoka na mbuzi wakubwa. Kwa mfugaji jibu hilo limeshataja umri: mtoto hukabidhiwa wana wa mbuzi akiwa na miaka mitano au sita hivi. Karani akapiga hesabu, akaandika 44.

Ikatoka 44 safi, kana kwamba imetoka kwenye cheti cha hospitali. Lile neno "hivi" lilibaki kwenye mkeka. Kwenye fomu halikuwa na kisanduku chake, na kila aliyeisoma Nairobi baadaye aliona nambari kamili isiyo na shaka.

Huo ndio ushauri wote wa barua hii, mpwa wangu. Yanayofuata ni maelezo yake. Kikokotoo kinachotengenezwa Garissa kiwe na kisanduku cha "hivi".

Tazama mosi Januari. Kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilipofunguliwa kuanzia 1991 na watu wakamiminika kutoka Somalia, mwandikishaji alitaka siku, mwezi na mwaka. Asiyejua siku wala mwezi alipewa mosi Januari, basi. Waliohamishiwa Marekani na Ulaya waliondoka nayo. Nenda Minneapolis leo ukahesabu Wasomali wanaosherehekea siku ya kuzaliwa siku moja na mwaka mpya wa Wazungu: baba, mama, shangazi, jirani na mwenye duka. Upande huu wa mpaka nako vitambulisho vya aina hiyo havihitaji kutafutwa kwa tochi. Sasa programu inayopokea 01/01/1958 na kujibu kwamba mwenyewe ana miaka kadhaa, miezi kadhaa na siku kadhaa, inajibu kwa uhakika ambao hata mwenye kitambulisho hana. Mwaka wenyewe huenda ni wa kukadiria.

Jambo hili halikuanza Garissa, na wataalamu wameshalishughulikia. Wanaohesabu watu wana kipimo kiitwacho fahirisi ya Whipple, kinachoonyesha ni wangapi walitaja umri unaoishia na 0 au 5, yaani ni wangapi walikisia. Watunza kumbukumbu nao walichoka na tarehe za kubuni. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, katika sehemu yake ya pili ya mwaka 2019, kinaruhusu tarehe iandikwe pamoja na shaka yake: 1984 yenye alama ya kuuliza ni mwaka usio na hakika, 1984 yenye alama ya wimbi ni mwaka wa kukadiria, na kuna hata namna ya kuandika majira badala ya mwezi. Mwanagenzi hahitaji kukimeza chote. Inamtosha ukurasa wake uanze kwa kuuliza: unajua siku, unajua mwezi, au unajua mwaka tu? Anayejua kwamba alizaliwa 2008 na hajui zaidi, akiuliza umri wake tarehe 10 Juni 2026, jibu la haki ni "17 au 18". Tofauti hiyo moja ndiyo inayotenganisha mwenye haki ya kuomba kitambulisho na asiyekuwa nayo bado. Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba upigaji msasa wa watu wa maeneo ya mpakani wanaoomba kitambulisho umekwisha, vijana wengi walirudi kwenye foleni. Baadhi yao umri wao uko kwenye kumbukumbu za mama tu.

Na mama anakumbuka, ila hakumbuki kwa Januari na Februari. Anakumbuka kwa Gu, mvua ndefu zinazoanza Machi au Aprili. Kwa Xagaa, ile baridi kavu ya katikati ya mwaka. Kwa Deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba. Na kwa Jilaal, kiangazi kinachochoma mpaka Machi. Mama akisema mtoto alizaliwa Deyr ya El Niño, mbuzi walipokuwa wakiharibu mimba na homa ya Bonde la Ufa ikaanza kuua watu Garissa, huyo amesema Oktoba hadi Desemba 1997, na pengine karibu zaidi na Desemba. Programu ikimpa orodha ya misimu achague, atapata muda wenye mwanzo na mwisho, na utakuwa wa kweli kuliko mosi Januari.

Tuje kwenye mashine, maana najua hapo ndipo moyo wako ulipo.

JavaScript iliandikwa na Brendan Eich mwaka 1995, na toleo la kwanza lilichukua siku kumi. Sehemu ya tarehe ilinakiliwa kutoka Java ya wakati huo, kasoro zake zikaja nazo. Ndiyo maana miezi inaanzia sifuri ilhali siku zinaanzia moja: Januari ni 0, Desemba ni 11, na anayeandika 3 akidhani ni Machi anapewa Aprili. Kosa hili kila mwanafunzi hulifanya na kulicheka. Yanayofuata ni mabaya zaidi kwa sababu hayapigi kelele.

Ndani ya mashine, tarehe ni idadi ya milisekunde tangu saa sita ya usiku wa mosi Januari 1970, kwa saa ya dunia, ile UTC. (Kumbe hata mashine, ikikosa pa kuanzia, huchagua mosi Januari.) Kenya iko saa tatu mbele ya saa hiyo. Kwa hiyo mosi Machi 2024 inapoingia Garissa saa sita usiku, saa ya dunia bado iko saa tatu usiku ya tarehe 29 Februari. Kijana akiitengeneza tarehe hiyo kwa saa ya hapa, kisha akaichapisha kwa amri ya toISOString kama alivyoona kwenye video, ukurasa utamwandikia 29 Februari. Mwalimu wake aliyerekodi video hiyo London wakati wa baridi hakuona kosa, kwa sababu kule saa yao na saa ya dunia ni moja. Kosa lina upande wa pili: ukiisomesha mashine maandishi 2024-03-01 bila saa, inayachukulia kuwa ya saa ya dunia. Garissa hutaona kitu, kwa kuwa itakuwa saa tisa usiku ya siku hiyo hiyo. Shangazi yako aliye Minneapolis akifungua ukurasa huo huo, ataona tarehe imerudi nyuma siku moja, na atampigia mama yako, naye mama atampigia mjomba.

Dawa ni kuitoa saa kwenye hesabu isiyohitaji saa. Siku ya kuzaliwa ni siku, haina dakika. Hesabu zote zipigwe kwa Date.UTC, kuingia na kutoka, bila kuchanganya na saa ya hapa hata mara moja. Ipo pia zana mpya iitwayo Temporal, yenye aina ya tarehe isiyo na saa kabisa. Firefox ilianza nayo 2025, lakini simu nyingi zilizo mikononi mwa watu Balambala na Hulugho ni za zamani kuliko hapo, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Na asije mtu akakwambia saa tatu za Kenya hazijawahi kubadilika. Enzi za ukoloni nchi ilipita kwenye saa mbili na nusu, hata saa mbili na dakika 45, na kompyuta zinayakumbuka hayo. Mzee wa miaka ya 1930 anaweza kukutolea siku yenye robo saa isiyoeleweka ilikotoka.

Umri nao usipigwe kwa kugawanya siku kwa 365.25. Watu wazima wenye vyeo wanafanya hivyo. Chukua aliyezaliwa 10 Juni 2008. Tarehe 10 Juni 2026 anatimiza miaka 18, na siku alizoishi ni 6,574. Gawanya kwa 365.25, unapata 17 na pointi tisa tisa; programu inakata mabaki, inamwambia ana 17. Ameonewa kwa siku moja, tena siku aliyokuwa akiisubiri. Linganisha mwaka na mwaka, kisha mwezi na mwezi, kisha siku na siku, kama karani anavyofanya kwa kidole juu ya karatasi.

Miezi pia inateleza. Sheria ya Kenya ya kuandikisha vizazi na vifo inakipa kizazi miezi sita. Baada ya hapo uandikishaji unahesabiwa kuwa wa kuchelewa, na safari za ofisini zinaongezeka. Mtoto amezaliwa 31 Agosti 2025. Iongezee mashine miezi sita, itatafuta 31 Februari 2026, itaikosa, na badala ya kusimama itaendelea mbele hadi 3 Machi. Mzazi anayeiamini atafika ofisini akidhani bado yumo ndani ya muda. Programu iwe na amri ya wazi: siku ikikosekana katika mwezi, rudi kwenye siku ya mwisho ya mwezi huo.

Kuhusu tarehe ya kujifungua, utakuta kanuni ya Franz Naegele, daktari Mjerumani wa karne ya 19, kila mahali: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, rudisha miezi mitatu nyuma, ongeza mwaka. Utakuta pia kanuni ya siku 280. Vitabu vinaziandika kama kitu kimoja, nazo si kitu kimoja. Hedhi iliyoanza 10 Machi 2025 inatoa 17 Desemba kwa Naegele na 15 Desemba kwa siku 280, kwa sababu miezi haina urefu mmoja. Ukianzia mosi Mei tofauti inafika siku tatu. Kwa mimba si kitu, watoto wachache mno huzaliwa siku iliyoandikwa kwenye kadi. Kwa mwanagenzi ni mtihani mzuri: achague kanuni moja, aitaje kwenye ukurasa, na jibu liwe ni wiki mbili mbele na wiki mbili nyuma, halafu amwelekeze mama kliniki. Yuko pia atakayesema hedhi ya mwisho ilikuwa siku chache kabla ya mwezi wa Shaabani kuandama. Huyo ametaja tarehe. Ukurasa usimfukuze.

Hapa ndipo kalenda ya pili inapoingia. Mjomba wako ana maoni makali juu ya hili na hataki kuyaficha: kikokotoo cha eda kinachohesabu kwa Januari na Februari ni bora kisiwepo. Mjane asiye na mimba hukaa miezi minne na siku kumi, na miezi hiyo ni ya mwandamo. Mume amefariki mosi Julai. Kwa kalenda ya ukutani, miezi minne na siku kumi inafika 11 Novemba, siku 133. Kwa mwezi mwandamo, miezi minne ni kama siku 118, ukijumlisha kumi ni 128. Programu imemweka mama wa watu ndani siku tano ambazo hakuandikiwa. Akiwa na mimba hesabu yote inabadilika, eda inaisha anapojifungua, kwa hiyo ukurasa uulize hilo kabla ya kuuliza tarehe. Na uulize saa: aliyefariki Alhamisi baada ya magharibi, kwa hesabu ya Kiislamu amefariki Ijumaa, ingawa cheti cha kifo kitaandika Alhamisi. Wanazuoni wana kauli zaidi ya moja juu ya kifo kilichotokea katikati ya mwezi. Kwa hiyo ukurasa utoe makadirio, na neno la mwisho libaki kwa Kadhi.

Zaka ni hivyo hivyo. Mwaka wake ni wa mwezi, siku 354 au 355, na anayehesabu mali yake kila 31 Desemba anachelewa siku kumi na moja hivi kila mwaka. Ndani ya miaka 33 ya jua amerukwa na mwaka mzima wa zaka. Baadhi ya wahasibu wanaoshikilia mwaka wa jua huziba pengo hilo kwa kutoa asilimia 2.577 badala ya 2.5.

Kivinjari chenyewe kinaweza kugeuza tarehe kuwa ya Hijria, tena bila kupakua chochote, lakini kalenda inayotumika sana humo ni Umm al-Qura ya Saudia, iliyopigwa hesabu miaka mingi mbele. Kenya watu wanasubiri mwezi uonekane na Kadhi Mkuu atangaze, na hata hapo si wote wanaofunga siku moja. Weka kitufe cha kusogeza siku moja mbele au nyuma. Ni mistari michache ya msimbo, nayo itakuepusha na ugomvi wa msikitini.

Mifugo haina matatizo mengi. Mbuzi kama siku 150, kondoo pungufu kidogo, ng'ombe kama 280, ngamia takriban miezi kumi na mitatu. Mfugaji hakuhitaji kwa hesabu hiyo, anaijua kuliko wewe. Anachoweza kukuhitaji kwacho ni kujua kama uzazi utaangukia Gu au Jilaal, kwa sababu ndama anayezaliwa nyasi zimekauka ni hasara mbili. Hilo likitokea kwenye skrini kwa neno moja la msimu, watu wa soko la mifugo watakusikiliza.

Yamebaki ya fomu yenyewe. Usitumie kalenda ile ya kubofya mwezi baada ya mwezi. Mzee wa 1952 atabofya mpaka betri iishe. Serikali ya Uingereza inawashauri waandishi wa tovuti zake watumie visanduku vitatu, siku, mwezi na mwaka, kwa tarehe ambayo mtu anaijua kichwani, na ushauri huo unatufaa. Andika jina la mwezi kwa herufi, maana simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani inaonyesha mwezi kwanza, na 03/04 ya mtu wa Kenya inageuka Machi nne. Hesabu zote zifanyike ndani ya simu ya mtu, kitu kisitumwe wala kuhifadhiwa kwako: mwezi wa hedhi ya mke wa mtu ni siri yake, na Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019. Faida nyingine ni kwamba ukurasa utaendelea kufanya kazi mtandao ukikatika, na nje ya mji unakatika.

Kabla hujamwonyesha mtu yeyote, ujaribu kwa hizi: 29 Februari 2008, 31 Januari ukiongeza mwezi mmoja, 31 Agosti ukiongeza sita, 10 Juni 2008 hadi 10 Juni 2026, mwaka mtupu bila mwezi, Deyr ya 1997. Badilisha saa ya kompyuta iwe ya Minneapolis, uzirudie zote. Kisha mpe mama yako simu bila kumwelekeza chochote, ukae pembeni, uangalie anakwama kwenye kisanduku kipi. Kitambulisho chake kinasema mosi Januari, lakini bibi yako aliwahi kusema binti huyu alizaliwa Gu, ngamia wakiwa ng'ambo ya Tana. Muulize ni mwaka gani kabla hajasahau, na ukipata jibu mpelekee mjomba wako kiungo kwa WhatsApp.

Wasalaam,
Mjomba wako.